Kutoka Nje Hakutoshi: Namna ya Kupanga Njia ya Kukimbia Moto Kupitia Bustani ya Nyuma Iliyozungukwa

Watu wengi wakiulizwa watatokea wapi nyumba ikishika moto hutaja mlango wa mbele, kisha mlango wa nyuma, na hapo hesabu yao hukoma, kana kwamba kukanyaga nyasi za bustani ndiko kuokoka. Pale ambapo bustani ya nyuma imezungukwa na kuta za majirani na uzio mrefu, bila lango, hesabu hiyo ina kasoro kubwa. Aliyetoka amehama tu kutoka chumba chenye paa kwenda chumba kisicho na paa, na mojawapo ya kuta nne za chumba hicho kipya ni nyumba inayoungua. Mwongozo huu unashughulikia hatua zinazobaki baada ya mlango au dirisha la nyuma, hadi mtu afike mahali ambapo moto haumpati tena. Nimetumia vipimo vya England, kwa kuwa bustani za namna hii zimejaa huko nyuma ya nyumba zilizojengwa kwa mstari mmoja zikishikana kuta, na kwa kuwa mwongozo wa serikali kuhusu usalama wa moto katika ujenzi, unaoitwa Approved Document B, unalitaja jambo hili waziwazi.

Kutambua bustani yako ni ya aina gani

Anza kwa kusimama katikati ya bustani yako na kujiuliza swali moja: je, mtu aliye hapa, bila kurudi ndani ya nyumba na bila kuparamia kitu chochote, anaweza kufika barabarani? Usijibu kwa kukumbuka. Tembea njia hiyo kwa miguu yako mpaka ukanyage barabara. Wengi hugundua wakiwa njiani kwamba uchochoro wa nyuma waliokuwa wakiutegemea umefungwa na mkazi wa nyumba ya pembeni aliyechoshwa na wezi, au kwamba lango walilolihesabu linaingia katika bustani ya jirani ambayo nayo haina pa kutokea. Bustani mbili zilizofungwa zikiunganishwa na lango hubaki kuwa bustani iliyofungwa, ijapokuwa kubwa zaidi, na ukubwa huo una faida yake kama tutakavyoona.

Lango lenye kufuli ambalo ufunguo wake umehifadhiwa kwenye droo ya jikoni lihesabu kuwa ni ukuta. Uzio unaoweza kurukwa na kijana mwenye nguvu nao uhesabu vivyo hivyo, kwa maana njia ya kuokoka hupimwa kwa yule mwenye mwendo wa polepole kuliko wote nyumbani: bibi mwenye magoti mabovu, mtoto anayebebwa, au mgeni aliyelala hapo kwa mara ya kwanza asiyejua bustani imekaaje. England inaruhusu uzio wa hadi mita 2 usiopakana na barabara ujengwe bila kuomba kibali cha mipango miji, na kwa mtu aliyevaa nguo za kulalia, akiwa pekupeku na mwenye hofu, mita 2 ni nyingi.

Kupima nafasi

Ikiwa hakuna njia ya kufika barabarani, swali linalofuata ni la umbali. Kwa mujibu wa Approved Document B, toleo la mwaka 2019, juzuu ya makazi, anayetoroka kupitia dirisha au mlango wa nje anapaswa aweze kufika mahali pasipo na hatari ya moto. Na kama anaishia katika ua au bustani ya nyuma isiyofikika kutoka nje, bustani hiyo inapaswa kuwa na urefu unaozidi kimo cha nyumba. Urefu unaozungumziwa hapa ni ule wa kwenda nyuma, kuanzia ukuta wa nyumba hadi uzio wa mwisho. Upana hauingii katika hesabu hiyo.

Kanuni hii ni rahisi kukumbuka ukiifikiria nyumba yako imelazwa chali juu ya bustani: ikiwa kilele cha paa kinagonga uzio wa mwisho au kuuvuka, hakuna pa kusimama. Picha hiyo si mchezo wa maneno tu, kwa sababu kuta zilizodhoofishwa na moto zinaweza kuangukia nje, na vikosi vya zimamoto kwa kawaida huacha nafasi ya mara moja na nusu ya kimo cha jengo wanapohofia kuporomoka. Hata ukuta usipoanguka, vioo vya madirisha hupasuka na kumwagika chini, vigae vya paa huteleza, na joto linalotoka kwenye dirisha linalowaka husafiri kama mwanga, likimfikia mtu hata pale ambapo hakuna mwali unaomgusa. Joto hilo hupungua kadiri unavyosogea mbali, ila karibu na ukuta wenye madirisha kadhaa yanayowaka hupungua taratibu, kwa sababu unaangaliwa na moto kutoka pande nyingi kwa wakati mmoja. Hatua tatu au nne za nyongeza zinaweza kuwa tofauti kati ya kuvumilia na kuungua ngozi.

Kupima hakuhitaji fundi. Urefu wa bustani upime kwa futi kamba. Kwa kimo cha nyumba ya matofali, hesabu kozi, yaani safu za matofali. Tofali la kawaida la Uingereza lina kimo cha milimita 65, na likiongezewa kiungo cha saruji cha milimita 10 huwa milimita 75, hivyo kila kozi nne ni milimita 300 na kozi mia moja ni mita 7.5. Ikiwa nyumba yako ina ukuta wa pembeni unaopanda hadi kilele cha paa, hesabu kozi za ukuta huo. Ikiwa imebanwa na majirani pande zote mbili, tafuta nyumba ya mwisho ya mstari huo yenye paa la kimo kilekile uihesabu hiyo. Ukikosea kozi moja au mbili si neno, kwa sababu bustani inayofaulu kwa sentimita kumi hupaswi kuitegemea hata hivyo.

Hapa pana mtego unaowanasa wengi, nao ni chumba cha nyongeza. Nyumba yenye kimo cha mita 8 na bustani ya mita 11 iko salama kwa kanuni hii. Mwenye nyumba akijenga jiko jipya linalotokeza nyuma kwa mita 4, bustani inabaki mita 7, na watoto wanaolala ghorofani upande wa nyuma, ambao hakuna aliyewafikiria wakati ramani ikichorwa, wamepoteza mahali pao pa kukimbilia. Kwa hesabu ya tahadhari, pima nafasi iliyobaki kuanzia ukuta wa nyongeza, uilinganishe na kimo cha nyumba nzima. Kanuni za ujenzi huangalia kazi inayojengwa au kubadilishwa, kwa hiyo nyumba kuukuu inaweza kukaa miaka mingi bila mtu yeyote kuuliza swali hili; hiyo ndiyo sababu ya wewe kuliuliza mwenyewe.

Lango ni bora kuliko umbali

Hata bustani yako ikiwa ndefu ya kutosha, kama kuna namna yoyote ya kuweka lango, liweke. Umbali unakununulia muda wa kusubiri, lakini lango linakuondoa. Usiku usio na upepo, moshi uliokwisha poa hushuka na kutulia ndani ya ua kama maji ndani ya beseni. Na upepo ukiwepo, hakuna anayechagua utavumia wapi. Mtu aliyefika barabarani hana haja ya kujua lolote kati ya hayo.

Lango la kukimbilia moto lina masharti machache ambayo hayana mbadala. Lifunguke kutoka upande wa bustani bila ufunguo, kwa komeo la kusukuma au kitasa cha kuzungusha kwa vidole, na kwa mwendo mmoja tu. Makomeo mawili, moja juu na moja chini, humfanya mtu afungue la juu kisha aanze kulivuta lango lisilotoka, akidhani limekwama. Komeo lisiwe juu kiasi kwamba mtoto mwenye umri wa kujiokoa mwenyewe hafikii. Hofu ya wezi ni ya haki, na jibu lake ni kuziba nafasi zinazomwezesha mtu wa nje kupenyeza mkono na kulifikia komeo: valisha lango ubao mzima usio na mianya, na uinue ubao wa juu. Upana wa milimita 900 unamtosha mtu mwenye kiti cha magurudumu au anayebeba mtoto ubavuni, na kama nyumbani kuna mtu wa kiti cha magurudumu, kagua pia kizingiti cha mlango wa nyuma na ngazi yoyote iliyoko kati, kwani ngazi moja ya sentimita 15 inatosha kumkwamisha.

Njia inayoelekea kwenye lango inataka kuangaliwa kwa jicho la moto, si la mtunza bustani. Katika nyumba nyingi uchochoro wa pembeni hupita chini ya dirisha la jikoni au mbele ya mlango wake, nayo mapishi ndiyo yanayoongoza kwa kuanzisha moto wa bahati mbaya majumbani England. Kwa maneno mengine, njia ya kwenda langoni inapita mbele ya mdomo wa tanuri. Ukiona hali ndiyo hiyo nyumbani kwako, usikate tamaa na lango. Ila usilihesabu kama njia pekee, na fikiria lango la pili upande wa mbali wa bustani, hata kama litaingia kwa jirani.

Lango la kuingia kwa jirani linahitaji mazungumzo mema na karatasi. Katika baadhi ya mistari ya nyumba kongwe haki ya kupita imeandikwa tayari katika hati ya umiliki, nayo inafaa isomwe kabla ya kuanza kuomba. Pasipo na haki hiyo, kubalianeni kwa maandishi kwamba lango litatumika wakati wa dharura tu, kwamba halitafungwa kwa kufuli upande wowote, na kwamba hakuna atakayeegemeza kitu upande wake. Sharti la mwisho ndilo linalovunjwa mapema zaidi, na mara nyingi bila nia mbaya: jirani huweka pipa la kukusanyia maji ya mvua mahali palipoonekana patupu, na tangu siku hiyo lango ni pambo. Mkumbushe pia kwamba faida inakwenda pande zote mbili, kwa sababu moto ukianzia kwake atakuja kwako.

Dirisha la kutokea

Kwa kuwa mlango wa nyuma mara nyingi uko jikoni, bustani hufikiwa kwa dirisha mara nyingi kuliko tunavyodhani. Vipimo vya England vinataka dirisha la kutokea liwe na uwazi usiopungua mita za mraba 0.33, kimo na upana wake kila kimoja kisiwe chini ya milimita 450, na ukingo wa chini wa uwazi huo usizidi milimita 1,100 kutoka sakafuni. Angalia hesabu hiyo kwa makini: milimita 450 kwa 450 ni takriban mita za mraba 0.20 tu, kwa hiyo dirisha lenye kipimo cha chini pande zote mbili halitoshi. Likiwa na upana wa milimita 450, kimo chake kinapaswa kufika karibu milimita 735. Kinachopimwa ni uwazi anaoupata mtu kupita, si ukubwa wa fremu wala wa kioo. Dirisha liweze pia kubaki wazi lenyewe bila kushikiliwa, na kizuizi cha kuwalinda watoto wadogo wasianguke kinaruhusiwa mradi mtu mzima aweze kukifungua.

Njia hii inafaa kwa vyumba vya chini na vya ghorofa ya kwanza, ambavyo sakafu yake haijapita mita 4.5 kutoka ardhini. Chumba kilichotengenezwa ndani ya paa, juu ya ghorofa ya kwanza, ni jambo jingine kabisa: dirisha lake si njia ya kutokea, na usalama wake unategemea ngazi iliyokingwa kwa kuta na milango inayohimili moto.

Anayetoka kwa dirisha la ghorofani asiruke. Atangulize godoro, mito na mablanketi chini, atoe miguu kwanza akiangalia ukutani, ajishushe mpaka aning'inie kwa mikono yake, ndipo aachie. Kwa kufanya hivyo anaondoa urefu wa mwili wake wote kwenye anguko. Mtu mzima mmoja atangulie ili apokee watoto, na wa mwisho kubaki juu awe mtu mzima pia, maana mtoto aliyeachwa mwisho anaweza kukataa kutoka. Sasa angalia kilichoko chini ya dirisha hilo leo. Paa la kioo la baraza, vyungu vya maua vya udongo, reki iliyoegemezwa ukutani, shimo la ngazi za chumba cha chini ya ardhi: kila kimoja kinageuza mteguko kuwa jeraha baya. Ukanda wa mita mbili chini ya dirisha la kutokea ubaki nyasi au udongo mtupu.

Vitu vinavyowaka bustanini

Bustani inaweza kuwa na mita zote zinazotakiwa na bado ikawa mtego, kwa sababu mahali pa kukimbilia pamegeuzwa ghala. Banda la mbao huwekwa mwisho wa bustani, mbali na nyumba, na ndani yake huwekwa petroli ya mashine ya kukata nyasi, rangi, mtungi wa gesi wa jiko la kuchomea nyama, na siku hizi betri ya baiskeli ya umeme ikiwa inachajiwa. Mwisho wa bustani ndipo familia itakaposimama. Uzio wa mbao nao husafirisha moto kama utambi, na ua wa misonobari iliyokauka ndani huwaka kwa ghafla inayowashangaza hata waliouona ukiota miaka yote.

Sisemi uondoe banda. Sema tu mapema ni kona ipi ni ya watu na ipi ni ya vitu, na uache nafasi kati yao. Kona ya watu ichaguliwe mbali na nyumba iwezekanavyo, isiwe mkabala moja kwa moja na mlango wala madirisha makubwa ya nyuma, na iwe karibu na uzio ulio dhaifu au mfupi zaidi. Benchi zito la kudumu likiwekwa hapo, kwa kukubaliana na jirani, humpa mtu pa kukanyaga akilazimika kuuvuka uzio. Hiyo ni akiba ya mwisho. Haifanyi bustani iitwe wazi.

Mapipa ya taka yasikae kwenye uchochoro wala chini ya dirisha. Mpira wa maji uviringwe ukutani, na kamba ya kuanikia nguo isipite shingoni mwa mtu katika njia ya kwenda langoni, jambo ambalo mchana linachekesha na usiku halichekeshi hata kidogo. Taa ya bustani inayotegemea umeme wa nyumba inaweza kuzimika moto unapokula nyaya. Taa ndogo za nishati ya jua kando ya njia hazina udhaifu huo, ingawa majira ya baridi huwa hafifu, hivyo weka tochi karibu na kila kitanda.

Mkishatoka

Anayetoka afunge kila mlango anaoupita, kwani mlango uliofungwa, hata ule wa kawaida, hucheleweshea moto hewa na hupunguza moshi. Simu ya mkononi itoke na mtu, na 999, namba ya dharura ya Uingereza, ipigwe mkiwa nje. Anayepiga aseme mambo mawili ambayo watu husahau: kwamba kuna watu bustani ya nyuma, idadi yao wangapi, na kwamba hakuna njia ya kuwafikia ila kupitia bustani ya jirani au mtaa wa nyuma, akiutaja mtaa huo kwa jina. Kutoka barabarani askari wa zimamoto haoni kilichoko nyuma ya mstari wa nyumba, na wakati mwingine njia fupi ya kuwafikia ni kuingia nyumba ya tatu upande wa kulia. Wakati mnasubiri, waiteni majirani kwa kelele. Jirani mwenye ngazi na uzio unaovunjika yuko karibu kuliko gari lolote.

Zoezi

Fanyeni zoezi usiku, taa zikiwa zimezimwa, kila mmoja akianzia kitandani kwake. Dirisha lifunguliwe kweli, lakini asitoke mtu kupitia ghorofani. Inatosha kuhakikisha kwamba kila anayelala chumba hicho analifungua bila msaada. Kisha tokeni kwa mlango wa nyuma, mfike kona ya watu, mfungue lango, mfike barabarani. Mwacheni mdogo kuliko wote anayeweza kujiokoa afungue komeo, nanyi watu wazima mkae kimya hata akihangaika, maana mkono wake ndio mnaoupima. Siku nyingine fanyeni zoezi kana kwamba uchochoro wa pembeni hauwezi kupitika.

Zoezi moja kila mwaka lifanyike katikati ya majira ya baridi. Mbao hufura kwa unyevu, bawaba hushika kutu, na lango lililofunguka kwa kidole mwezi wa Julai linaweza kudai bega mwezi wa Januari. Likikwama, lipigwe randa ukingoni na bawaba zitiwe mafuta siku hiyohiyo, kabla ya mtu kulitegemeza fimbo na kusema litashughulikiwa hali ya hewa ikitengemaa.